Nimemnunulia baba saa ya zamani mtandaoni, kaka anasema nimepigwa

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Uyole hapa Mbeya. Baba yangu ni mstaafu wa reli ya TAZARA. Enzi zake alikuwa na saa ya Seiko 5 aliyoinunua miaka ya themanini mwanzoni, akiwa bado kijana kazini. Ilikuwa na uso wa bluu iliyokolea. Kila asubuhi aliitikisa kidogo kabla ya kuivaa, na sisi watoto tukisikia ule mchakacho tulijua baba ameamka. Mwaka 1998 aliiuza ili mimi niende kidato cha kwanza. Hajawahi kunisimanga wala kuitaja. Mama ndiye aliyenieleza, nikiwa mtu mzima tayari.

Mwaka huu baba anatimiza miaka 70, nikaona nimtafutie saa ya namna ile ile. Niliipata kwa muuzaji wa mtandaoni aliyeko Dar es Salaam. Tangazo lake lilisema: "Seiko 5 orijino ya mwaka 1972, haijawahi kufunguliwa wala kuguswa, ilikuwa ya injinia wa reli." Hilo neno reli ndilo lililonimaliza. Alitaka 450,000, tukaelewana 380,000, nikalipa kwa simu na kifurushi kikaja kwa basi. Ndani kulikuwa na saa, pamoja na kadi ngumu iliyoandikwa kwa Kiingereza kwamba ni cheti cha uhalisi.

Kuitazama ni nzuri, Mjomba. Uso ni wa bluu ya kung'aa, umeandikwa SEIKO, kuna ngao yenye 5, na 21 JEWELS. Kifundo cha pembeni kiko usawa wa namba 4. Mishale inawaka kijani usiku kucha. Nyuma kuna 7009, kistari na tarakimu nyingine, halafu WATER RESISTANT, na namba ndefu inayoanza na 8N.

Kaka yangu alikuja kutoka Iringa, akaigeuza mara moja, akasema feki. Sababu zake: kwanza, ukizungusha kifundo haitii ufunguo, kinazunguka bure tu. Pili, siku ya wiki inaonekana kwa Kiingereza, na ukiendelea kubadilisha inakuja kwa maandishi ya Kiarabu. Anasema Mjapani na Kiarabu wapi na wapi. Tatu, nikiivua Ijumaa jioni, Jumatatu naikuta imesimama.

Mimi mwenyewe nimekuwa nikiivaa kuijaribu, na yaliyonitia shaka ni mengine. Asubuhi nikiwa juu ya bodaboda kwa baridi hii yetu, kioo kinapata ukungu kwa ndani, jua likipanda unapotea. Na yale maandishi madogo kabisa chini ya namba 6, nikiyavuta kwa kamera ya simu, yanasomeka 6119, si 7009 kama nyuma.

Muuzaji nikimuuliza anajibu, "Dada, hiyo ni orijino, mafundi wa huko hawajui saa." Sherehe ya baba ni mwezi ujao. Naomba unisaidie. Saa hii ni ya kweli au ni feki? Niirudishe? Na kama si ya kweli, nimpe baba au ninyamaze nitafute zawadi nyingine?

Ndaga fijo, Mjomba.

Mwalimu wa Uyole

MJOMBA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Nianze na jibu, kwa sababu naona limekukosesha usingizi. Kwa maelezo uliyonipa, bodi ya saa yako na mashine yake inaelekea kuwa Seiko ya kweli. Uso wake si wa kwake. Mwaka 1972 si wa kweli. Kwa hiyo hukuuziwa feki, ila umeuziwa kwa maneno ya uongo, na haya ni mambo mawili ambayo usiyachanganye, maana la kwanza litamhusu baba yako na la pili litamhusu huyo muuzaji.

Tuanze na kaka, ambaye nia yake ni njema lakini sababu zake zote tatu hazisimami.

Kutotia ufunguo. Kuna saa za zamani unazozungusha kifundo kila asubuhi mpaka kigome, na kaka pengine alizoea hizo. Mashine ya 7009, ile namba iliyo nyuma ya saa yako, haikutengenezwa hivyo. Ndani yake kuna kipande kizito cha nusu duara kinachozunguka kila mkono unapocheza, nacho ndicho kinachokaza springi. Kifundo chake kazi yake ni kurekebisha saa, siku na tarehe tu. Ndiyo maana baba yako alikuwa akiitikisa kabla ya kuivaa! Hakuwa na mazoea ya ajabu. Alikuwa anaiamsha, kwa sababu njia nyingine ya kuiamsha haipo. Kumbukumbu yako ya utotoni ni ushahidi mzuri kuliko kadi uliyoletewa, maana inaonyesha saa ya baba nayo ilikuwa ya jamii hiyo.

Kusimama kati ya Ijumaa na Jumatatu ni jambo la kawaida. Saa ya aina hii ikishiba, hutembea kama saa 40 hivi ikiwa imelazwa mezani. Hesabu mwenyewe kutoka Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi. Ningekuwa na wasiwasi kama ungeivua saa mbili usiku ukaikuta imekufa alfajiri. Hapo ningesema mafuta yamekauka au springi imechoka.

Kiarabu nacho kisikutishe. Seiko ilitengeneza saa hizi kwa masoko mengi, na sahani ya siku ilibeba lugha mbili: Kiingereza pamoja na nyingine kulingana na mahali saa ilikokuwa ikipelekwa. Zilizokwenda nchi za Kiarabu zilipata Kiarabu, nyingine zilipata Kihispania au Kifaransa, za nyumbani Japani zilipata herufi zao. Huenda yako ilifika kwetu kupitia biashara ya Ghuba. Mtengenezaji feki wa kawaida hahangaiki kuchapa siku kwa lugha mbili, kwa hiyo hiyo naihesabu upande wa uzuri. Kifundo kuwa usawa wa namba 4, kikiwa kimejificha ndani ya bodi, nacho kiko sawa: toka Seiko 5 ianze mwaka 1963, kifundo hicho kilikuwa moja ya mambo yake matano, pamoja na kujitia ufunguo yenyewe, siku na tarehe katika dirisha moja, kuvumilia maji kiasi, na uimara wa bodi na mkanda.

Sasa tuje kwenye shaka zako wewe, ambazo ndizo zenye uzito.

Ile namba ndefu ya nyuma siyo ya mapambo. Kwa Seiko za miaka hiyo, tarakimu ya kwanza ni tarakimu ya mwisho ya mwaka, na alama ya pili ni mwezi: 1 hadi 9 ni Januari hadi Septemba, sifuri au O ni Oktoba, N ni Novemba, D ni Desemba. Yako inaanza na 8N. Basi kifuniko hicho kilitoka kiwandani Novemba ya mwaka unaoishia na 8. Mwaka 1972 ungeanza na 2, hakuna ubishi hapo. Je, ni 1968? Haiwezekani, kwa kuwa mashine ya 7009 ilianza kutengenezwa nusu ya pili ya miaka ya sabini. Zinabaki 1978 na 1988. Na zile tarakimu nne za mwanzo juu ya kifuniko, 7009, ndizo jina la mashine inayotakiwa kuwemo ndani. Zinazofuata baada ya kistari ni namba ya umbo la bodi. Hata neno WATER RESISTANT lina umri wake: Seiko za miaka ya sitini kwa kawaida ziliandikwa WATERPROOF, na mabadiliko yalikuja mwanzoni mwa miaka ya sabini.

Ona basi muuzaji alivyoshindwa na kifuniko chake mwenyewe. Hakuhitaji kuwa mtaalamu ili kujua. Angegeuza tu saa na kusoma.

Uso ndio wenye mgogoro mkubwa. Kwenye Seiko za wakati ule, chini kabisa ya uso, kandokando ya namba 6, kuna maandishi madogo mno yenye neno JAPAN na namba. Namba hiyo huanza na jina la mashine ambayo uso huo ulitengenezewa. Wako unasema 6119. Hiyo ni mashine nyingine, ya kaka mkubwa wa 7009, iliyotumika mwishoni mwa miaka ya sitini na katika sabini. Tena uso unadai vito 21, wakati 7009 ina vito 17. Vito hivyo ni rubi za kutengenezwa kiwandani zinazowekwa pale ekseli ndogo zinapozungukia, ili chuma kisisagane na chuma; idadi yake ni jambo la ufundi, haiongezwi kwa kupenda. Namba ya uso peke yake nisingeihukumu haraka, lakini namba na vito vikipingana na mashine kwa pamoja, uso huo ama ulitoka kwenye saa nyingine, ama umepakwa upya na mtu aliyekuwa akinakili maandishi bila kujali yanakwenda wapi.

Mimi naegemea hilo la pili, kwa sababu ya bluu ya kung'aa na ile mishale. Rangi ya kuwaka gizani ya saa za miaka ya sabini na themanini imekwisha nguvu siku nyingi. Ukiizima taa huoni kitu, au unaona mwanga hafifu wa dakika chache. Inayowaka usiku kucha ni rangi mpya. Mtu ameitia.

Nyuso za namna hii hupakwa sana India, na Mumbai inajulikana kwa kazi hiyo duniani kote. Nisieleweke vibaya: wale ni mafundi hasa, wanaofufua saa zilizooza kwa unyevu na ambazo zingetupwa. Tatizo halipo kwenye brashi ya fundi. Lipo pale saa inapobadilisha mikono mara mbili tatu na mwuzaji wa mwisho akaiita "haijaguswa". Chukua kamera ya simu, ivute mpaka mwisho, uangalie mambo haya: je, herufi za SEIKO zina kingo kali au zimevimba kama zimechorwa kwa kalamu ya wino? Vistari vya dakika viko sawasawa kuzunguka uso wote, au vingine vimesogeleana? Kingo za dirisha la siku ni safi au zina rangi iliyomwagikia ndani? Mshale wa dakika unafika kwenye vistari vyake, au ni mfupi? Kiwanda cha Japani hakikukosea vitu hivi. Kisha tazama pembe za bodi. Kama zimelainika kama sabuni iliyotumika, na maandishi ya nyuma yamefifia huku saa inang'aa, basi imesuguliwa kwa mashine mara nyingi, na hilo nalo ni kuguswa.

Kwa hiyo swali la "orijino au feki" halikutoshi, mwanangu. Linafaa kwa saa zile zenye jina la Seiko usoni na mashine ya betri ndani, zinazoruka tiki moja kila sekunde. Kwa saa ya zamani uliza hivi: je, vipande vyake vinaafikiana vyenyewe kwa vyenyewe, na je, vinaafikiana na maneno ya aliyeniuzia? Saa inaweza kuwa na kila kipande kilichotoka Seiko, ikawa bado imeungwaungwa kutoka saa tatu tofauti.

Na hili la kuungaunga haliwapati walimu wa Uyole peke yao. Novemba 2021, saa ya Omega Speedmaster, toleo la kwanza kabisa lililoanza mwaka 1957, iliuzwa mnadani Geneva kwa zaidi ya faranga milioni 3 za Uswisi. Walioinunua ni Omega wenyewe, kwa ajili ya makumbusho yao. Mwaka 2023 kampuni hiyo ikatangaza kwamba saa ile ilikuwa imekusanywa kutoka vipande vya saa mbalimbali, na kwamba watu waliokuwa wafanyakazi wake walihusika. Kama makaratasi na majina makubwa hayakuwakinga wenye saa yao, kadi iliyochapwa na muuzaji asiyejulikana haina la kukuthibitishia. Weka kando kadi hiyo. Usiitupe, utaihitaji baadaye.

Kilichobaki kukijua hakionekani kwa nje: mashine yenyewe. Hapo nenda kwa fundi saa. Usijaribu kufungua kwa kisu cha jikoni wala ncha ya mkasi. Utakwaruza kifuniko, na vumbi moja tu likiingia linaweza kusimamisha gurudumu. Tafuta fundi mwenye kifaa cha kufungulia vifuniko vya Seiko na lenzi ya jichoni, siyo yule wa kubadilisha betri na mikanda tu. Mjini Mbeya hawakosekani, na kaka akitaka aulize Iringa mjini, wazee wanawajua. Kaa naye mezani. Usimwachie saa ukaenda sokoni kisha urudi, hata kama ni mtu mwema, kwa sababu lengo lako ni kuona kwa macho yako.

Kifuniko kikishatoka, piga picha kabla hajagusa kitu. Kwenye kile kipande cha nusu duara au kwenye bamba lililo chini yake tafuta 7009 na vito 17. Ukizikuta, kifuniko na mashine vimeafikiana na hukumu yangu ya juu inasimama. Ukikuta 7S26, ujue mashine imebadilishwa, kwani hiyo ilianza mwaka 1996, na hapo malalamiko yako yanaongezeka uzito. Angalia pia kama kuna kutu kwenye skrubu, na kama mashine imekaa imara au inachezacheza ndani ya bodi. Mwombe fundi aisikilize. Mashine hii hupiga mara 21,600 kwa saa, yaani sita kila sekunde, ndiyo maana mshale wa sekunde unaonekana kuteleza badala ya kuruka. Siku hizi zipo programu za simu zinazosikiliza mapigo na kukuonyesha kama yanakwenda sawa. Ukipata sehemu tulivu zinasaidia.

Ule ukungu, mwambie asiupuuze. Maana yake mpira wa kuzuia maji umekufa, na hewa yenye unyevu imeingia. Baridi ya Uyole ikipiga kioo huku mkono wako unapasha mgongo wa saa, mvuke unaganda kwenye kioo. Ukiacha hivyo, masika moja tu itatosha kuipa mashine kutu. Akaushe, aweke mpira mpya, asafishe na kutia mafuta ya saa, siyo ya cherehani. Hata baada ya hapo baba asioge nayo wala asifulie nguo nayo. Saa yenye umri huo usiihesabie tena maandishi ya mgongoni. Lakini kazi hiyo yote ya ukarabati isianze kabla hujamalizana na muuzaji. Ukishaibadilisha kitu, atasema wewe ndiye uliyeiharibu.

Na sasa muuzaji. Una haki, na haki hiyo haitegemei saa kuwa feki. Sheria yetu ya mauzo ya bidhaa, Sura ya 214, inasema kitu kikiuzwa kwa maelezo, sharti kilingane na maelezo hayo. Aliandika 1972, kifuniko kinakataa. Aliandika haijawahi kufunguliwa wala kuguswa. Uso na mishale vinakataa. Kusanya picha ya tangazo kabla halijafutwa, mazungumzo yenu yote, ujumbe wa malipo, risiti ya basi, ile kadi, na picha za fundi. Kisha mwandikie kwa utulivu, bila neno mwizi. Kitu kama hiki: "Ndugu, nashukuru kwa saa. Ulinieleza ni ya mwaka 1972 na haijaguswa. Namba ya nyuma inaanza na 8, kwa hiyo si ya 1972. Uso una namba 6119 na vito 21, mashine ni 7009 yenye vito 17. Mishale imetiwa rangi mpya. Nakuomba ama nikurudishie saa unirudishie fedha zote, ama unirudishie sehemu ya fedha tuelewane. Naomba jibu lako hadi Ijumaa."

Akikubali kurudishiwa, usipakie saa kwenye basi kabla hamjaandikiana jinsi fedha itakavyorudi, na ukiituma chukua risiti yenye maelezo ya mzigo. Akikataa au akikufungia namba, una ushahidi wa kupeleka polisi, na unaweza kuomba mwongozo kwa Tume ya Ushindani, FCC, ambao wana dhamana ya kumlinda mlaji. Ninachokuomba usifanye ni kumwanika jina na picha yake kwenye makundi ya simu. Mambo yanaweza kukugeukia, na utakuwa umempa sababu ya kuacha kuzungumzia saa aanze kuzungumzia heshima yake.

Nadhani wengi wa aina yake, wakiona mnunuzi ameshika namba mkononi, wanapunguza bei. Hilo la sehemu ya fedha ndilo ningelipendelea kwako, na nitakueleza kwa nini.

Umeandika kwamba baba alinunua saa yake miaka ya themanini mwanzoni. Saa ya 1972 isingekuwa saa ya baba yako hata kama muuzaji angesema kweli. Hii uliyonayo, kama ni ya Novemba 1978, ni ya miaka ileile ambayo saa za namna hiyo zilikuwa madukani na mikononi mwa vijana waliokuwa na mshahara. Reli yenyewe ilikabidhiwa mwaka 1976. Kijana aliyeingia TAZARA miaka ile na kununua Seiko 5 ya kujitia ufunguo, kwa uwezekano mkubwa alinunua mashine kama hii hii. Muuzaji alikuuzia hadithi ya injinia asiyekuwepo, wakati kitu alichokishika kilikuwa karibu zaidi na baba yako kuliko hadithi yake. Kwa hiyo kama mashine ni nzima na bei ikishushwa, usiharakishe kuirudisha.

Lakini usimpe baba kwa maneno ya tangazo. Ukimwambia "ni orijino kabisa ya mwaka 1972", mzee aliyeishi na saa hiyo miaka mingi ataitikisa, ataisogeza jichoni, na ataona uso si wenyewe. Kwa upole wake atanyamaza, na wewe hutajua kamwe. Mwambie ukweli kama ulivyo: mashine ni ya wakati wako, uso umepakwa, nilitapeliwa kidogo nikapambana. Baba aliyeuza saa ili usome hatadharau zawadi kwa sababu ya rangi, na nina imani atafurahi zaidi kusikia binti yake alisoma namba za mgongoni akamkamata muuzaji kwa namba hizo.

Uso wa bluu iliyokolea wa 7009 unaweza kutafutwa taratibu. Muhimu utoke kwenye mashine ya 7009 hiyo hiyo, kwa sababu vijiguu viwili vya nyuma ya uso vinaingia kwenye matundu ya mashine, na dirisha la siku lazima likae pale pale. Mara nyingi unapatikana kwa kununua saa mbovu ya aina hiyo na kuchukua uso wake. Fundi akibadilisha, mwambie akupe huo uliopakwa uutunze kwenye bahasha, usimwachie.

Na baba akishaivaa, mkumbushe jambo moja, ingawa huenda analijua kuliko mimi: asibadilishe siku wala tarehe kwa kifundo kati ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri. Muda huo meno ya magurudumu ya tarehe yameshikana, na ukilazimisha yanakatika.

Wewe nenda kwa fundi wiki hii, kisha uniandikie alichokikuta kwenye kile kipande cha nusu duara. Namba ndefu ya mgongoni usiitume yote popote mtandaoni. Zipo saa za uongo zinazochapwa namba zilizookotwa kwenye picha za watu.